Dari la Pijo Kabla ya Harusi ya Ursula

Jumamosi, 2 Agosti 2025

“Mwalimu, dari la Pijo si insha.”

Ndivyo alivyosema Mwinyimvua, fundi wa viti vya magari pale stendi ya Ifakara, mbele ya watu sita, wawili wao wanafunzi wangu wa zamani. Nimeyatafakari maneno hayo tangu saa nne asubuhi. Nayajibu hapa.

Kwanza, dari la gari ni kitambaa, fito tano za chuma na gundi. Basi. Hakuna siri humo. Pili, insha ina utangulizi, kiini na hitimisho, na anayeweza kupanga hivyo vitatu hashindwi kupanga fito tano. Tatu, Mwinyimvua hajawahi kuandika insha, kwa hiyo hana cha kulinganishia.

Ameshindwa. Ila hajapata habari.

Ursula, binti yetu pekee, anaolewa Jumamosi ijayo. Pijo yangu 404 ya mwaka 1968 ndiyo iliyomtoa hospitali akiwa na siku mbili. Kabla hajaota meno nilikwishaamua kuwa ndiyo itakayompeleka kanisani. Tatizo dari. Limelegea, linagusa nywele za abiria wa nyuma na kuwamwagia unga wa kahawia. Ursula ameniambia kwa upole (upole wake ndio unaoniuma) kwamba hawezi kukaa chini ya kitu kile na shela jeupe. Likikaa sawa mpaka Ijumaa jioni, atakwenda na mimi. Likishindikana, atapanda Prado ya baba mkwe wake, Mzee Mashimba, mfugaji wa kijiji cha Mbingu, ambaye inasemekana ameshaiosha mara mbili.

Mwinyimvua alisema atanitengenezea bure, iwe zawadi yake ya harusi. Bure! Nimekataa. Zawadi inayotanguliwa na tusi siipokei.

Jumapili, 3 Agosti

Nimeng'oa dari la zamani baada ya misa. Dakika arobaini! Humo juu nimekuta viota vitatu vya nyigu, vikavu, na tiketi ya basi ya mwaka 1991. Fito zote tano zimetoka bila kupinda.

Mwinyimvua amepita na baiskeli. Kwa bahati, anadai. Akasimama kwenye ua akanishauri niziandike fito namba kwa chaki, moja mpaka tano, kwa kuwa kila ufito una mkunjo wake na mahali pake. Halafu kioo cha mbele kitoke kwanza, ndipo kitambaa kiingie chini ya mpira wake. Nikamshukuru kwa sauti ya kumfukuza.

Chaki! Nimefundisha Historia miaka kumi na tisa. Nimekula chaki kuliko chumvi. Sihitaji kufundishwa matumizi yake na mtu wa stendi. Nimezilaza fito juu ya turubai, kuanzia wa mbele hadi wa nyuma. Nimezitazama mara moja. Zimeingia kichwani.

Jumatatu, 4 Agosti

Scolastica, mke wangu, alitaka turubai la kuanikia mpunga. Amezikusanya fito akazisimamisha kwenye kona ya jiko, vizuri kabisa, kama kuni. Nikamuuliza kama aliukumbuka mpangilio. Akasema, “Baba Ursula, chuma ni chuma. Mpunga ndio unaooza.”

Sikugombana naye. Nilikwenda kwenye kichwa changu kuutafuta mpangilio. Haukuwepo.

Hata hivyo, mtu aliyesoma hategemei kumbukumbu tu. Ana kanuni. Ufito mrefu unakaa katikati, fupi zinakaa pembeni. Ndivyo yalivyojengwa mapaa yote ya maana duniani, na sijasikia kwamba Wafaransa waliotengeneza Pijo walikuwa na sababu ya kufanya kinyume.

Jioni Scolastica amemaliza kushona kitambaa kwa cherehani yake. Bitana ya rangi ya maziwa, yenye mifereji mitano ya kupitishia fito. Kazi safi. Nikamsifu. Akasema nisiiharibu.

Jumanne, 5 Agosti

Mwinyimvua ameniletea kopo la gundi kwa dereva wa bajaji. Nimelirudisha kwa bajaji hiyohiyo, pamoja na barua ya ukurasa mmoja na nusu. Hoja yangu: kwa miaka ishirini nimebandika majalada ya vitabu vyangu kwa uji mzito wa mchele. Nina vitabu mia mbili na kumi na viwili. Hakuna hata kimoja kilichowahi kumwangukia mtu. Tunaishi kwenye bonde linalolisha nusu ya nchi wali, halafu tunanunua gundi ya kopo inayonuka petroli! Huo ndio utumwa wa fikra ninaoupinga kila siku. Nimemwachia nafasi ya kujibu chini ya ukurasa.

Hajajibu. Ushindi.

Nikapika mchele wa mwaka huu mpaka ukasahau kwamba ulikuwa mchele. Nikapaka. Nikapitisha fito kwenye mifereji. Kioo sikukitoa. Kingo za kitambaa nimezisukumia chini ya mpira kwa mpini wa mwiko, jambo ambalo Scolastica hajalijua bado.

Saa kumi jioni dari liko juu! Limekaza! Nilikaa kiti cha nyuma nikalitazama nusu saa. Kwenye kiti hiki Scolastica alimpakata Ursula siku ile ya kutoka hospitali, akinipigia kelele nipunguze mwendo, na wakati huo tulikuwa tumepitwa na mtu mwenye toroli. Nimeamua Jumamosi nitaendesha hivyohivyo.

Jumatano, 6 Agosti

Mzee Mashimba amekuja kupanga viti vya ukumbini. Akaomba kuiona gari. Nikamkaribisha kwa furaha. Akavua kofia, akaingia nyuma, akatazama juu. Kisha akasema, “Mzazi mwenzangu, ng'ombe wako nundu imeingia ndani.”

Ni kweli kwamba juu ya kiti cha nyuma kitambaa kimeshuka kidogo. Ufito mmoja umenyooka kuliko ilivyopasa. Nikamweleza kuwa umbo lile linaelekeza hewa kwa abiria. Akacheka mpaka dereva wake akashuka kuja kuangalia. Dereva naye akacheka. Nimegundua kuwa wafugaji hawana utamaduni wa kusikiliza hoja mpaka mwisho.

Alipokuwa anaondoka akaniuliza, kwa adabu mno, kama aijaze Prado mafuta Ijumaa. Nikamwambia ajaze tu, Mbingu ni mbali na atahitaji kurudi kwake.

Ursula akaingia, akakaa, akapima kwa kiganja. Nywele haziguswi. Akasema nundu si tatizo, mradi lisianguke. Nikamwuliza nani amezungumzia kuanguka. Akasema hakuna, Baba.

Alhamisi, 7 Agosti

Asubuhi Scolastica amefungua mlango wa gari kuweka vitambaa vya viti. Akarudi nyuma hatua mbili. Akanitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu niache pombe ya komoni, miaka kumi na moja iliyopita. Akaniambia nipumue. Nikapumua. Akanusa. Akaenda kunusa gari. Akarudi.

“Si wewe,” akasema. Hakuomba msamaha.

Mchele umechacha. Joto la mchana, vioo vimefungwa kwa ajili ya vumbi, na sasa Pijo inanuka kama kilabu cha pombe siku ya mnada. Baba wa bibi harusi nifike nayo mlangoni mwa kanisa! Paroko ananijua tangu zamani zile. Ataamini pua yake.

Suluhisho nimelipata kabla ya chai. Udi! Nimekwenda dukani kwa Asmahani, mke wa Mwinyimvua. Wenzetu waliotoka pwani mambo ya harufu wanayajua, hilo silipingi. Mimi nampinga mume tu. Asmahani ameniambia niweke vipande viwili kwenye chetezo, vioo wazi, dakika kumi. Mwanamke mwerevu, lakini mwoga. Kama viwili vinatosha kwa harufu ndogo, kumi na viwili vitatosha kwa kubwa. Nimefunga vioo vyote. Nimekaa nje na kitabu, saa tatu nzima, kulinda.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wamekwenda kwenye sherehe za wakulima. Mimi niko na gari.

Hali ni hii. Gari sasa inanuka kama kilabu cha pombe ambamo kuna harusi. Bitana ya rangi ya maziwa imekuwa ya chai. Na moshi wa moto umeulainisha ule uji: sehemu ya mbele imeshuka upana wa kidole. Nikaisukuma. Ikashuka vidole viwili. Nikaisukuma kwa maneno makali. Ikashuka upande wa pili.

Saa kumi na moja jioni Ursula akaja kukagua, kama tulivyokubaliana. Nilikuwa nimeshakaa kwenye usukani, mkono wa kushoto nimeuegemeza kwenye dari, kiwiko juu, kama mtu anayepumzika. Akanisalimia. Shikamoo, Baba. Marahaba. Akaniuliza mbona nimekaa hivyo. Nikasema nanyoosha bega. Akalitazama dari, akakitazama kiwiko, akanitazama mimi.

“Kesho saa tatu nitakuwa tayari,” akasema.

Hakutaja gari gani. Lakini hakutaja Prado! Nimelihesabu hilo kama kauli ya kuniunga mkono. Kiwiko kinauma.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa mbili asubuhi. Limeanguka. Lote la nyuma. Limelala juu ya kiti kama nguo za kufua. Ufito mmoja umemkosa paka.

Prado imefika, na maua, inang'aa bila haya. Mzee Mashimba ameshuka na suti. Hakucheka. Heri angecheka. Amenishika mkono akasema, “Pole, mzazi mwenzangu, haya mambo hutokea.” Nikasema hayajatokea.

Saa tisa alasiri. Naandika kwenye leso ya karatasi ukumbini, kisha nitanakili.

Saa tatu kasoro Ursula alitoka mlangoni na shela lake. Nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wa nyuma wa Pijo ili asione. Akaona. Kumbe alishapiga simu tangu jana jioni, alipotoka kukagua! Mwinyimvua akaingia uani na kanzu na kofia, kama mwalikwa, bila sanduku la vifaa. Nikamwambia sikumwita. Akasema anajua. Nikamwuliza vifaa viko wapi. Akasema muda wa vifaa ulikuwa Jumapili.

Kisha akakunja mikono ya kanzu, akaingia kiti cha nyuma, upande wa kushoto, akaliinua dari kwa viganja viwili. Shangazi Marsiana, dada yangu, akazunguka upande wa kulia akafanya hivyohivyo. Ursula akakaa katikati, akakunja shela magotini.

“Endesha, Mwalimu,” akasema Mwinyimvua. “Taratibu. Mikono yangu si gundi.”

Nikaendesha. Kutoka kwetu Kibaoni mpaka kanisani kuna matuta, na nimeyahesabu yote. Kila tuta Mwinyimvua alisema Bismillahi, Marsiana akasema Yesu na Maria, na Ursula akacheka. Tuta la nne Marsiana alichoka mkono mmoja, upande wake ukashuka, Ursula akauinua mwenyewe, na bangili na glavu na kila kitu. Bajaji zilitupita. Prado ilitufuata nyuma, tupu, ikipiga honi kwa heshima.

Tumefika. Shela jeupe. Punje chache za mchele mkavu mabegani. Watu wakadhani tumemrushia njiani.

Kabla ya kushuka Ursula aliniwekea mkono begani akasema, “Baba, sikutaka kuja na gari nyingine.”

Nikatazama kioo cha pembeni, mara tatu. Nilikuwa naegesha.

Jumapili, 10 Agosti

Nimelala vizuri. Nimeamka na hasira.

Jana ukumbini mshereheshaji alimwita Mwinyimvua mbele. Watu wakasimama! Wakampigia makofi na vigelegele, Scolastica kwa sauti kuliko wote. Mzee Mashimba akamvika shada na kumwahidi mbuzi. Leo asubuhi kamati ya harusi imeandika kwenye kundi la WhatsApp, mbele ya watu mia moja na arobaini, kwamba wanamshukuru “fundi Mwinyimvua aliyetengeneza dari na kuokoa shughuli.”

Aliyetengeneza! Hakugusa sindano. Hakupaka hata tone la uji. Dari lile nimelitengeneza mimi, na halikuwa na kosa lolote. Kosa ni la matuta, la hali ya hewa, la Scolastica aliyehamisha fito, na la mchele, ambao mwaka huu, wakulima wenyewe wanakiri, haunati kama zamani. Nimeshapata dawa yake: muhogo. Sufuria iko jikoni. Keshokutwa narudishia dari, na safari hii naongeza milango. Mwinyimvua amepita asubuhi kuniuliza kama nataka chaki. Nimemwambia anisalimie Asmahani.

Lakini rekodi lazima isahihishwe, maana wajukuu watasoma. Kwa hiyo nawaandikia nyinyi watatu wa kamati: wewe Elineema mwenyekiti, wewe Nyamizi katibu, na wewe Amiri uliyeshika kipaza sauti. Barua hii nitaibandika kwenye kundi nikimaliza kuinakili. Futeni maneno yenu kabla ya kesho saa sita mchana. Andikeni kwamba dari lilitengenezwa na baba wa bibi harusi. Mkipenda kumtaja Mwinyimvua sikatai, mimi ni mtu wa haki. Andikeni: abiria wa nyuma kushoto, aliyenyoosha mikono. Mwisho nukta.