Kipaza na Dawa ya Ukungu wa Vioo

Baridi ya asubuhi ile iling'ata masikio. Kipaza, mtu asiye na kazi ila mwenye mdomo, alisimama kwenye maegesho ya nyumba za ghorofa akitazama watu wazima wakihangaika na magari yao. Vioo vyote vilikuwa vimefunga ukungu. Mhasibu alikuwa akifuta cha kwake kwa tai. Mwanasheria alifuta kwa kiganja, akaacha michirizi, akatukana. Dada mmoja aliondoka na kichwa nje ya dirisha, kama anayemuita jirani.

"Masikini, watu wanateseka," Kipaza alijiambia, na moyo wake ukajaa huruma, ile ambayo kwake huanzia mfukoni.

Kesho yake alirudi na pikipiki yake, vichupa vya manukato alivyovijaza maji yenye tone la wino wa bluu, na koti jeupe la mtumba. Lilikuwa la muuza nyama, lakini lilifuliwa vizuri.

"Mheshimiwa, washa injini," alimwambia mhasibu. "Nipishe nikae mimi. Dawa hii inataka mkono uliozoea."

Mkono wa kulia ulipuliza matone mawili pembeni mwa kioo. Mdomo ulieleza habari za chembechembe. Mkono wa kushoto, kimyakimya, uliwasha kiyoyozi na kuelekeza upepo kwenye kioo. Gari lolote lenye kiyoyozi kizima hujikausha hivyo lenyewe. Jambo hilo limeandikwa kwenye kile kitabu ambacho kila mwenye gari hupewa na hakuna anayekisoma. Ukungu ukaanza kurudi nyuma kuanzia chini, taratibu, mpaka mhasibu akauona mti wa mbele.

"Mungu wangu!" alisema mhasibu.

"Ila kila ukipuliza, bonyeza na hiki kitufe," Kipaza alimsisitizia. "Bila upepo dawa haisambai."

Kwa hiyo hakuna aliyerudi kulalamika. Tapeli anayemuuzia mtu mali yake mwenyewe hana kesi, ana wateja.

Siku ya nne akaja mama mmoja wa makamo, mwenye sauti ya upole na gari dogo la rangi ya maziwa. Vioo vyake vilikuwa safi kama vimelambwa.

"Mwanangu, nimekuangalia tangu juzi," alisema. "Mimi kuendesha kumenishinda. Natafuta biashara ya kufanya nimekaa. Nipe dawa yako yote, siri ya kuichanganya, na hiyo pikipiki ya kusambazia. Wewe chukua gari."

Kipaza alikunja uso kama anayepima hasara. Alilizunguka gari. Alipiga matairi teke, kama wafanyavyo watu wasiojua magari. Injini iliitika mara moja.

"Mbona madirisha yote wazi na baridi hii?"

"Kifua, mwanangu. Nikikosa hewa nabanwa."

"Mama, dawa hii nimeisomea miaka saba."

"Ndiyo maana nakupa gari, si baiskeli."

Walitia saini juu ya boneti. Kipaza alimnong'oneza siri: maji ya mvua ya kwanza na wino usiolala. Mama alilamba ncha ya penseli, akaandika yote.

Asubuhi iliyofuata Kipaza alifunga madirisha, akawasha hita, akaondoka akiimba. Injini ilipopata moto, ndani kukaingia harufu tamutamu, kama peremende iliyoungua, kisha ukungu. Alibonyeza kiyoyozi. Ukungu ukazidi. Alifuta kwa mkono wa shati, kioo kikapakaa mafuta. Alifika kwenye maegesho ya ghorofa kwa kubahatisha, akakaribia kumgonga mwanasheria.

"Kulikoni, daktari?" wateja wake walicheka. "Piga dawa, bwana!"

Mhasibu, kwa moyo mwema, alileta kichupa chake, akapuliza bila uchoyo, akabonyeza kitufe kama alivyofundishwa. Hakuna kitu. Watu wakatazamana. Mwanasheria aliingia kwenye gari lake, akabonyeza kitufe peke yake, bila dawa. Akasubiri. Ukungu ukafutika, kioo kikabaki safi.

Kipaza hakungoja kusikia hukumu; alishusha madirisha yote, akaondoa gari.

Alimkuta mama kwenye ua aliokuwa amepanga, pale alipopelekewa pikipiki, amevaa ovaroli, spana mkononi.

"Mama, umeniuzia mbuzi kwenye gunia!"

"Ulipiga matairi teke, nikajua umeridhika," alijibu mama bila kuinua macho. "Rejeta ndogo ya hita inavuja nyuma ya dashibodi. Maji yale ya kupozea injini yana utelezi, mvuke wake hausikii kiyoyozi. Nina miaka thelathini ya ufundi, mwanangu. Gari hilo nililinunua kwa bei ya chuma chakavu."

Kipaza alikaa juu ya tairi. Wateja walikuwa wanamtafuta, na pikipiki yake ilikuwa pale pale ukutani, inamtazama. Alijifunika uso kwa viganja.

Mama akamhurumia. "Basi usilie. Niachie nikubadilishie hiyo rejeta, bure. Njoo keshokutwa. Acha na kadi ya gari, wauza vipuri wanataka namba."

Mtu aliyeumwa na aibu hupokea wema bila kuuliza umetoka wapi. Kipaza alitoa ufunguo, akatoa kadi, akamshika mama mikono yote miwili kumshukuru.

Keshokutwa yake alikuta kufuli langoni. Ua ulikuwa mtupu, umefagiliwa. Mlinzi wa duka la jirani alimpa kikaratasi:

*Mwanangu, gari limepona kabisa. Ila mgonjwa aliyetoka kitandani hataki kelele, nimelipeleka mbali likapumzike. Pikipiki imelisindikiza.*

Alikisoma mara mbili. Ya kwanza alilitukana kufuli. Ya pili, alijikuta anatabasamu bila ruhusa yake.

"Yule mama ni ndugu yako?" mlinzi aliuliza.

"Ni mwalimu wangu."

"Amekufundisha nini?"

"Kutembea," alijibu Kipaza, akashika njia.