Nembo ya Kessling Kwenye Banda la Kuku

Alhamisi, 4 Juni
Nimeiona! Nembo ya Kessling, enameli ya buluu iliyochomewa kwenye chuma, imepigiliwa kwenye mlango wa banda la kuku la mjane Eunice Trask. Hapa hapa Indiana, nyumba ya tatu kutoka kwangu! Kiwanda cha Kessling kilikufa kabla babu yangu hajaota ndevu. Miaka kumi na moja nalifufua gari lao. Limebaki pengo moja tu, mbele, juu ya rejeta. Niombe tu? Mimi si mjinga. Mjane akijua naitamani, ataing'ang'ania. Na jirani yangu Lowell Pruitt, mkusanya makorokoro, asinuse chochote.

Ijumaa, 5 Juni
Nimemwambia Bi Eunice nimependa mbao za mlango. Akasema mlango hauondoki bila banda, wala banda bila kuku. Tukabadilishana: nimetoa mashine yangu mpya ya kukatia nyasi. Kuku kumi na tisa! Mke wangu Verna kauliza, "Orville, hilo gari sasa litatembea au litataga?" Nikaenda kung'oa nembo. Mshindi hajibu.

Jumamosi, 6 Juni
Nimeisugua nembo kwa siki. Buluu yote imehamia kwenye kitambaa. Rangi ya ukutani! Chini yake, kifuniko cha kopo la biskuti. Mbio hadi kwa Bi Eunice. Alikuwa anakata nyasi, raha mustarehe. Kasema ile marehemu mumewe aliwachorea kuku. Ya kweli ilikaa kabatini. Ilikaa! Jana jioni kampa Lowell. Kisa? "Si aliomba, jamani."

Jumapili, 7 Juni
Lowell kaja baada ya ibada, nembo mkononi. Ati yeye hana Kessling, kaiombea gari langu. "Sema tu 'naomba,' mzee, uichukue." Ilivyong'aa! Lakini hapo pana mtego, lazima. Nani hutoa bure? Nikamwambia ninayo nzuri zaidi. Kaduwaa, kaondoka nayo. Verna kajifungia chumbani. Nilimsikia akicheka hadi akapaliwa.

Jumatatu, 8 Juni
Nimepata! Kesho nitamnong'oneza Lowell kwamba enameli ya zamani ina sumu, hasa kwa wenye vipara kama yeye. Atanipigia magoti nimwondolee. Nimeshachukua glavu za Verna za kuoshea vyombo, nionekane mtaalamu.