Jinsi Nilivyoifanya Nyumba ya Wazee Kuwa Nyumbani

Jumatatu, 3 Machi

Matroni katukusanya ukumbini baada ya chai. Kasema nyumba yetu ya wazee ni safi, lakini inanuka hospitali. Anataka tukae kama watu walio kwao. Jumapili tutachagua kiongozi wa wakazi. Nikajikohoza. Mkaguzi wa shule mstaafu, nani mwingine? Mkunga wa chumba cha pili akawahi kunyanyua mkono. Kimbelembele! Ati kwa kuwa kazalisha nusu ya mji, sote wanawe.

Matroni kaongeza kuwa anayemsikitisha ni Mama Mkoba. Mgeni huyu hukaa mlangoni kutwa, mkoba mapajani, akisema mwanawe yuko njiani kuja kumchukua. Hajatoa humo hata mtandio. Nikaona mwanya. Atakayemfanya aufungue mkoba ule ndiye kiongozi. Yaani mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nyumbani ni familia, au sivyo? Wakati wa chakula cha mchana nikasimama, nikagawa vyeo. Mimi baba. Dereva mstaafu kitinda mimba. Mama Mkoba shangazi. Mkunga binti yangu. Akauliza ni lini binti alianza kumzidi babake umri. Ukumbi mzima kicheko.

Kufikia alasiri nilikuwa nimejipalia makaa. Baba, bomba linavuja! Baba, kanikalia kiti changu! Kitinda mimba, mzee asiye na jino, kadai viatu vipya. Nimejiuzulu ubaba. Shangazi hakubanduka mlangoni.

Jumatano, 5 Machi

Wazo jipya. Nyumbani hunukia vitunguu. Mpishi alipotoka kupokea mboga, nikajipenyeza jikoni nikakaanga. Harufu tamu! Nikaenda mlangoni kuona kama Mama Mkoba anaisikia. Nikasahau sufuria.

Moshi! Sote nje na mablanketi. Wa kwanza kutoka alikuwa Mama Mkoba. Mwenzetu alishafungasha zamani. Matroni hakusema neno. Mpishi alisema ya wawili. Majirani wakaja kuchungulia, wakaleta viti, wazee wakapiga soga uani mpaka jua likapoa. Mchana mzima umepotea bure.

Alhamisi, 6 Machi

Nimegundua kosa. Chumba cha Mama Mkoba hakina picha! Nikapachika zangu ukutani kwake: marehemu mke wangu, binti yangu aliye mbali, shemeji yangu na masharubu yake. Alipoingia akapiga yowe. Akaniuliza watu wote hawa wamehamia lini. Shemeji ndiye aliyemtisha zaidi.

Baadaye akaishika picha ya mke wangu, akauliza huyu alikuwa mtu wa namna gani. Nikaeleza. Alivyoimba akifua. Alivyoninunia bila kuacha kunipakulia. Tukakaa hivyo mpaka kengele ya chakula, yeye anasikiliza, mkoba u palepale mapajani. Mpango umeshindwa kabisa.

Jumamosi, 8 Machi

Mkunga hana haya. Tangu jana kaweka kiti chake mlangoni, pembeni ya Mama Mkoba. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema:

“Namsaidia kungoja. Kungoja peke yako kunachosha.”

Huo nao ni mpango? Lakini dereva akaleta kiti. Kisha fundi cherehani na bao lake la kete. Wapita njia wanasimama, shikamoo zinamiminika, mlango haupitiki. Nimelalamika kwa matroni. Kaniambia nami nilete kiti.

Upepo ulipovuma, Mkunga akakunja mabega. Mama Mkoba akafungua mkoba, akatoa mtandio, akamfunika. Akatoa vikombe vyake, watu wakanywea chai. Akatoa kandambili, maana miguu ilikuwa imemvimba. Jioni mkoba ulikuwa mtupu, umekaliwa na paka wa jirani. Mkunga hakufanya chochote! Alikaa tu!

Jumapili, 9 Machi

Mwanawe kaja kweli. Kijana mnyonge, jasho tele, maneno yamemkwama. Ilidhihirika hakuja kumchukua. Hakujua aanzie wapi. Machozi yalimlengalenga mama yake, nikayaona. Kisha akasema:

“Vuta kiti, mwanangu. Hapa tuna mazungumzo.”

Akakaa. Mkunga akamkagua, akasema huyu alizaliwa mikononi mwake akitanguliza miguu, alimsumbua sana siku ile. Kijana akacheka mpaka akalia.

Uchaguzi ukafuata. Kachaguliwa Mkunga, kwa mikono yote isipokuwa mmoja. Kaniteua mimi niwe msimamizi wa viti: kuvitoa asubuhi, kuvirudisha jioni. Kwa lugha nyingine, naibu kiongozi. Ni haki. Nani aliyewatoa watu nje kwa mara ya kwanza, kama si vitunguu vyangu?

Sasa kazi ianze. Kesho kila kiti kitapata nambari. Wakazi watakaa kwa mstari, warefu nyuma. Mwenye soga atanyoosha mkono kwanza. Kicheko ni baada ya msimulizi kumaliza. Paka hapana. Bila utaratibu, watu watajisikiaje wako nyumbani?