Spika Inayosema Shhh

Jumatatu, tarehe 4

Imefika! Spika yangu. Nyeusi, nzito kama mkwe mwenye njaa, inabeba amplifaya yake tumboni, haiombi msaada kwa mtu. Muuzaji alisema inatoa kila sauti, kuanzia ngurumo hadi mbu, bila kuongeza chumvi. Gitaa linaingia kwenye kisanduku cha milio, kisanduku kinaingia kwenye spika, mimi naingia kwenye historia.

Nikawasha. Shhhhhhh.

Sijagusa hata uzi mmoja! Shhhhhhh, kama mtu anayetunyamazisha. Dada yangu, ambaye ana miaka themanini na moja na bado ananiita mtoto, akauliza kutoka jikoni nani kaacha bomba wazi. Nikamwambia ni usasa.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi hii mjukuu wangu anaolewa. Mke wangu huyo wa utani, tangu yuko mgongoni kwa mama yake! Sasa ananiacha kwa kijana mwenye meno yote. Ameniomba nimpigie gitaa akiingia ukumbini, ule wimbo niliomtungia bibi yake, marehemu. Sharti moja tu. Kabla sijagusa uzi, ukumbi uwe kimya kabisa, asikie hatua zake mwenyewe. Nikasema kimya niachie mimi.

Jumanne, tarehe 5

Amekuja Fundi Saa. Ni babu wa bibi harusi kwa upande wa baba, mkwe wangu kwa bahati mbaya. Miaka arobaini ya kutengeneza saa imempa masikio ya popo: anasikia saa ya mkononi ikichelewa hata akiwa chumba cha pili. Naye anapiga gitaa. La mbao tupu, halina waya, halina hata haya. Akasimama mlangoni, akainamisha kichwa, akasema mkwe, kitu chako kinavuja. Nikasema hiyo ni hewa ya kupoza mitambo. Akasema basi bibi harusi aje na sweta.

Akaenda moja kwa moja kunichongea. Mchana mjukuu akanipigia simu: babu, Ijumaa tutaijaribu ukumbini, ikilia shhh atapiga Babu Saa.

Babu Saa! Atanipokonya mke mbele ya kadamnasi.

Nikaketi uso kwa uso na spika. Shhh yote inatoka kwenye kile kipaza kidogo cha juu. Nikakifunika kwa blanketi, mto, na kofia yangu ya baridi. Ushindi! Shhh imekufa. Nikapiga gitaa. Nalo limekufa. Lilisikika kama mtu anayeimba ndani ya gunia la unga, tena gunia lililoshonwa.

Jumatano, tarehe 6

Mkosaji amepatikana: friji. Umeme wa nyumba hii unabeba vyombo vingi, vinasukumana. Dada alipokwenda kliniki kupima macho nikachomoa kila kitu. Friji, pasi, feni, redio. Saa ya ukutani nayo nikaitoa betri, sikutaka kubagua. Nyumbani tukabaki mimi na spika.

Shhhhhhh.

Nikafumba macho nisikilize vizuri. Hapo ndipo nilipopotelea. Mchana mmoja wa zamani, mimi na marehemu, wiki ya pili ya ndoa. Chumba kimoja, kitanda, redio. Stesheni ikafunga matangazo ya mchana, redio ikabaki shhh, na hakuna aliyetaka kunyanyuka kuizima. Mkono wake begani kwangu. Pazia likavuta pumzi, likaitoa, likavuta tena. Redio ikaendelea kutusimulia habari za mahali ambapo hakujatokea jambo lolote. Tukalala hivyo hivyo mpaka taarifa ya saa kumi.

Nimeamshwa na dada. Maziwa yamechacha, samaki wa barafu anaogelea ndani ya friji. Kasema ningekuwa mdogo kidogo tu angenichapa, na bado anafikiria.

Alhamisi, tarehe 7

Nimenyoosha mikono. Nimeipakia spika kwenye toroli mpaka kwa Mama Waya, yule anayetengeneza redio chini ya ngazi za jengo la posta. Akaitazama kwa nyuma kama daktari anayetazama ulimi. Akaona kitufe cha sauti kimefunguliwa mpaka mwisho na kubandikwa utepe. Akauliza nani kafanya hivi.

Nikamweleza polepole, kama mwalimu. Katika bendi yetu kila amplifaya ilifunguliwa mpaka mwisho, ikabandikwa utepe, ili mpiga besi asikupunguze kwa siri. Ukitaka upole, unatumia vidole. Siku hizi kuna kisanduku, nami sauti yake nimeiweka robo, kwa adabu. Miaka thelathini tulifanya hivyo! Akauliza kama katika miaka hiyo thelathini ilipatikana dakika moja ya kimya. Nikafikiri. Haikupatikana. Tulikuwa na mpiga ngoma.

Akasema mzee, kisanduku chako kinanong'ona, na spika inaupaza huo mnong'ono pamoja na pumzi zake yenyewe. Geuza. Kisanduku kiseme kwa sauti, spika ipunguze. Akabandua utepe wangu bila hata kuomba radhi. Kisha akasukuma swichi ndogo ya nyuma. Nilikuwa nimeiweka upande wa maikrofoni, kwa hiyo spika ilikuwa inatega sikio kwa nguvu mpaka inasikia damu yake ikitembea. Kamlio kadogo kamebaki, akasema, kila spika inapumua, ila ukisimama hatua tatu hukasikii.

Dakika nne! Hakufungua hata skrubu. Nimeudhika sana. Nilitegemea ugonjwa mkubwa zaidi.

Ijumaa, tarehe 8

Jaribio. Ukumbi mtupu, viti vimebebana mpaka darini. Nikawasha. Kimya! Fundi Saa akaizunguka spika mara mbili, akapiga magoti kuitegea sikio. Magoti yake yalilia kuliko spika. Akasema inapumua. Nikasema hata wewe unapumua, mkwe, mbona hatujakuzima? Mjukuu akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema haya mume wangu, kazi ni yako.

Nimeshinda!

Nyumbani nikaiwasha tena, nikafumba macho. Hakuna pazia. Hakuna mkono. Nikakaa kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba ambayo watu wamehama. Kimya safi, kimefagiliwa, hakina mtu ndani.

Nikawaza. Kesho ndugu wote watakuwepo isipokuwa bibi yake. Laiti angekuwepo kidogo tu. Kiasi cha kukohoa.

Jumamosi, tarehe 9

Naandika haraka nikiwa stoo ya ukumbi. Dada ananitafuta.

Watu mia mbili wameketi. Bibi harusi nje ya mlango. Mshereheshaji akainua mkono, ukumbi ukatulia. Nikainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Swichi, maikrofoni. Spika, mwisho. Kisanduku, robo.

Shhhhhhhhhh.

Jamani! Ikapanda mpaka kwenye bati, ikaenea juu ya vichwa vyote, ikashuka taratibu kama shuka inayotandikwa na watu wawili. Nikafumba macho. Nikaupata mkono wake begani.

Mara sauti ya shangazi mmoja: mvua!

Vyakula vyote vilikuwa vimeandaliwa nje, uwanjani, pamoja na keki ya ghorofa nne. Watu mia mbili wakainuka kwa mkupuo. Wapishi, mashangazi, mshereheshaji, hata bwana harusi alichomoka na kitambaa cha meza. Nilipofumbua macho viti vilikuwa vimelala chali. Dirishani jua la saa nane linawaka, na watu wamekumbatia masufuria wakitazama juu.

Mlango ukafunguliwa. Mjukuu akaingia na maua yake. Ukumbini tumo watatu: mimi, spika, na Fundi Saa, ambaye masikio yake hayadanganyiki. Ameketi, mikono kifuani. Nikajua nimekwisha.

Mjukuu akasimama, akasikiliza. Akauliza babu, hiyo nini? Nilikuwa na uongo mzuri kabisa mdomoni, sijui ulikwenda wapi. Nikasema ni bibi yako, amelala mchana.

Fundi Saa akavua miwani, akaifuta kwa tai. Akasema mkwe, si upige, kabla hawajarudi?

Nikapiga. Akatembea peke yake katikati ya viti vilivyoanguka, akaruka kimoja, gauni mkononi. Hatua zake zikasikika ndani ya ile shhh, moja moja, kama mtu anayekuja kutoka chumba cha mbali. Wimbo ulipokwisha akanibusu kwenye paji la uso.

Halafu watu wakarudi na keki, ghorofa tatu. Ikabidi aingie upya kwa ajili ya bwana harusi na mpiga picha. Mara hiyo alipiga Fundi Saa. Bila waya.

Jumapili, tarehe 10

Nimepima mambo kwa akili iliyotulia. Kosa si langu. Kosa ni la bati, la keki, na la shangazi. Na tatizo kubwa, spika moja haitoshi ukumbi ule. Shhh ilitoka upande mmoja, ndiyo maana wakadhani ni wingu. Ingetoka pande zote mbili kwa mpango, nani angeshtuka?

Fundi Saa kaja mchana, kajidai anarudisha sahani ya dada. Akaketi mbele ya spika saa nzima, macho kayafumba. Sikumuuliza anamwona nani. Alipoondoka akasema bado inavuja.

Jioni mjukuu kapiga simu kutoka fungate. Kaniapisha kwamba sitagusa kitufe hata kimoja cha spika hii mpaka arudi. Nimeapa, mkono juu, dada akiwa shahidi.

Ya pili inafika Jumatano.