Hatua Sita za Bi Mwanamkasi wa Bofu

Njooni, enyi mlioketi vibarazani, nanyi mlioshika simu badala ya tasbihi! Tegeni masikio niwape habari za vita ambavyo havikumwaga damu wala chai, vilivyopiganwa Ijumaa moja hapa Bofu, Likoni, katika kichochoro chenye upana wa gari moja na mtu mmoja aliyejibana. Mimi Mwanasaumu niliviona kwa dirisha la jikoni kwangu, mwiko mkononi, na mwenye kunikadhibisha na alete dirisha lake.

Alitokea Ghalib, bwana harusi, simba wa joho jeusi, mwenye kilemba kilichomchukua saa nzima kukifunga. Naye alipanda chombo kisicho na usukani! Lilikuwa gari la umeme alilolikodi ili mashemeji wafe kwa kijicho, gari lisilotawaliwa na dereva bali na maandishi yaliyomo ndani yake. Na asubuhi hiyohiyo lilikuwa limeteremshiwa maandishi mapya kutoka hewani, yakaliongezea adabu. Kando yake aliketi Kioko, mhudumu wa kampuni, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa na kutabasamu.

Mbele yao, hatua arubaini tu, palikuwa na msikiti. Humo alingoja Mzee Mansur, baba wa bibi harusi, aliyekwisha kuapa mbele ya kaumu: "Asiyewahi alasiri, Wardah hamwoi mpaka Ramadhani ipite!" Ilibaki robo saa, na wanaume wote wa msafara walikuwa wametangulia.

Hapo ndipo alipotoka mlangoni mwake Bi Mwanamkasi, mjane wa miaka sabini, malkia wa mahamri, sinia kichwani, akakutana na gari uso kwa uso. Akajibana ukutani ili lipite. Gari nalo likasimama ili yeye avuke, na ubavu wa gari ukaziba mlango aliotokea bibi.

Jueni kwamba Bi Mwanamkasi alifiwa na mumewe siku arubaini baada ya harusi yao, akiwa na miaka ishirini na sita. Vinywa vya mtaa vikamwita nuksi, vikasema mjane yule asikatize njia ya bwana harusi. Miaka arubaini na minne amekuwa akisikia vigelegele akajificha nyuma ya mlango. Mimi pia nilikuwa miongoni mwa vinywa hivyo, na naona haya kulisema.

"Tafadhali vuka," likanena gari, kwa sauti ya mwanamke asiyewahi kukasirika.

"Ahsante, mwanangu. Tangulia wewe."

"Tafadhali vuka."

"Wallahi sitangulii! Nimewapisha maharusi tangu redio zikiwa kubwa kama makabati, na leo sitavunja ada kwa ajili ya kasha lenye magurudumu! Pita, nawe upite na heri!"

"Tafadhali vuka."

Hivyo majeshi mawili yakakabiliana, kila moja limejihami kwa heshima, wala hapana aliyerudi nyuma shibiri. Dakika kumi zikateketea. Pilau yangu ikashika chini.

Kioko akachungulia kwenye upenyo wa dirisha, tabasamu limemtoka. "Shosho, vuka tu! Hii gari ikiona mtu kando ya njia, inangoja apite. Milango nayo haifunguki mpaka tufike. Nimepigia ofisi simu, wanasema gari iko sawa!"

Kisha Ghalib akanguruma. "Bi Mwanamkasi, shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu. Usinitazame, nitakutia nuksi."

"Nuksi ni alasiri hii inayonikimbia! Miaka mitano nimemngoja Wardah, nimebeba mizigo bandarini hadi mabega yakakataa shati, na leo nimefungiwa ndani ya kioo kama sambusa ya dukani! Vuka, bibi yangu. Nakusihi mimi mwenye harusi."

Mjane akaligeukia gari.

"Laniona mimi?" akamuuliza Kioko.

"Inakuona wewe tu, shosho."

"Na layuwa kuwa mimi ni mjane?"

"Hiyo haijui. Inajua wewe ni mtu, na mtu anapita kwanza."

Machozi yakamtoka Bi Mwanamkasi, na mimi huku yakanitoka, wala sikuwa nakata kitunguu. Akaweka sinia sawa, akasema Bismillahi, akatanguliza mguu wa kulia. Hatua ya kwanza, ardhi ikatetemeka. Lilikuwa lori la kokoto barabarani, lakini ilitetemeka. Ya pili, kuku wakampisha. Ya tatu akasimama katikati kabisa, mbele ya bwana harusi, nami nikashika kichwa. Alikuwa anangoja aone kama radi itapiga. Haikupiga. Ya nne, ya tano, na ya sita ikamfikisha ng'ambo.

"Asante," likasema gari, likaondoka kwa mwendo wa punda aliyeshiba. Lilifika mlango wa msikiti muadhini akiwa anapuliza kipaza sauti kukijaribu. Baada ya sala, nikaha ikasomwa.

Bi Mwanamkasi alikuwa bado amesimama pale ng'ambo. Akainua uso dirishani kwangu.

"Mwanasaumu!"

"Abee, Bi Mwanamkasi."

"Umeona?"

"Nimeona kwa mato yangu."

"Basi kawambie."

Nami nawaambia, enyi watu wa Bofu na wa kila pwani: Ijumaa ile mjane alikatiza njia ya bwana harusi, na bwana harusi akaoa.