Mjusi wa Mabati

Jumatatu, 3 Juni 2024
Karima, mke wangu, ameenda Ubundu kununua samaki wa moshi. Wiki nzima. Ameniachia amri moja: Aïcha apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala. Ana miaka sita. Gego lake la kwanza la ukubwani limeota, na tayari lina doa. Monsieur Hubert, mganga wa meno, atalitazama Jumamosi. Doa likikua, anashika mashine ya kutoboa. Nimeahidi halitakua.

Ng'ambo ya ukuta, jirani Chantal anasimama na mwanawe Dady, kila mmoja na mswaki wake, kama askari wa gwaride. Mtu mzima kupoteza muda hivyo! Mimi nina akili.

Jumanne, 4 Juni
Jino la utoto likitoka, tunalitupa juu ya paa na kuomba jipya. Nimemwambia Aïcha yupo mjusi mweupe huko juu, anayakagua meno. Mchafu hapewi kitu. Nikaanza kumwona mimi mwenyewe: amejilaza kwenye joto la mabati, macho nusu wazi, meno madogo ya mtaa wetu mzima wa Kabondo yamemzunguka kama mchele. Nikasahau suruali ya mteja kwenye cherehani. Aïcha akauliza: "Papa, ule mujusi, yeye iko na mswaki?" Hakupiga mswaki.

Jumatano, 5 Juni
Mpango mpya. Kila akipiga mswaki, bombo moja, pipi ile ya maziwa. Ushindi! Mara tisa kabla ya adhuhuri. Dawa ya meno imekwisha. Chantal akapaza sauti: "Bon, Papa Aïcha, ile doa unaiua ao unailisha?" Wivu. Bombo zilizobaki nimezila mwenyewe, kwa usalama.

Alhamisi, 6 Juni
Gego langu la chini, kushoto. Moto! Nimenunua dawa ya meno, nikasimama penye ndoo nikisugua polepole, nikitazama mawingu yakielea kuelekea Simi-Simi. Povu likaondoka na maji, jepesi, kama wingu lililopotea njia. Aïcha akaja kando yangu na mswaki wake, akafanya nilivyofanya. Sikumjali. Nilikuwa na maumivu.

Ijumaa, 7 Juni
Penye ndoo asubuhi, penye ndoo jioni. Aïcha yupo tena. Kasema nimeruka meno ya nyuma. Mtoto huyu! Chantal akatuchungulia, akacheka, akanikaribisha jeshini. Sikumwelewa.

Jumamosi, 8 Juni
Doa halijakua! Hakuna mashine. Nikamweleza Monsieur Hubert habari za mjusi. Akaniomba nifungue kinywa mimi. Gego langu litang'olewa Jumatatu.

Jumapili, 9 Juni
Karima karudi, kamkagua Aïcha, kafurahi. Akauliza nilitumia njia gani. Mjusi, nikasema. Aïcha alitaka kuongeza jambo; nikamtuma maji.

Kesho gego langu linapanda juu. Nimeshachagua upande wa mabati mapya, jua linapofika mapema. Nina miaka hamsini na miwili, kwa hiyo jipya litachelewa kidogo. Nimenunua bombo za kusubiria.