Ombi la Kuonja Pombe Badala ya Kuinywa

Verediana Sulle,
Klabu ya Pombe ya Mtama,
Njia ya Gendabi,
Hanang.
Agosti, 2007

Ndugu Afisa Biashara,

YAH: KUGEUZA KLABU YANGU KUWA KITUO CHA KUONJA

Kabla sijaingia kwenye kichwa cha habari hapo juu, pokea salamu zangu. Kama umri wako ni mkubwa kuliko wangu, shikamoo. Kama ni mdogo, marahaba. Siku ile shambani sikuweza kukukadiria kwa sababu uso wako ulikuwa ndani ya glasi.

Mimi ni yule mpika pombe ya mtama aliyefungiwa klabu baada ya sherehe ya kuonja mvinyo kwa mdogo wangu Evarist. Sina ugomvi na zabibu. Evarist alileta vipande vya mizabibu kutoka Dodoma, sote tukamcheka, vikashika, na sasa yeye na mkewe Rogathe na watoto wao wanatengeneza mvinyo wao wenyewe hapo hapo nyumbani. Ni mali ya familia na ninajivunia. Lakini mimi na Evarist tumezaliwa tumbo moja, kila mmoja anapika kinywaji chake, halafu sheria inatutazama kama watu wa nchi mbili. Malalamiko yangu nimeyapa namba ili usipotee njiani.

1. Saa. Mlangoni kwangu imebandikwa amri kwamba klabu isifunguliwe kabla ya saa kumi alasiri, ili wananchi wafanye kazi. Ni amri nzuri. Aliyeibandika ni Bwana Thadei, Afisa Mtendaji wetu, na mwezi wa sita alinimwagia pipa zima kwa sababu alimkuta fundi baiskeli ameshika kibuyu mchana. Siku ya Evarist, Bwana Thadei huyo huyo alishika glasi saa nne asubuhi, siku ya kazi, na gari la serikali likapumzika kivulini. Nilimuuliza kwa adabu. Alinieleza kwamba pale hawanywi, wanaonja. Ndugu Afisa, tangu siku hiyo nimefarijika, maana nimegundua kwamba wateja wangu nao hawajawahi kunywa. Wamekuwa wakionja miaka yote hii, na wapo wanaoonja kwa bidii mpaka wanasahau njia ya kwao.

2. Harufu. Alikuwepo mtaalamu, kijana anayeitwa Xavery, aliyewafundisha wageni kuzungusha glasi na kunusa. Alisema mvinyo wa Evarist una harufu ya moshi, ya ngozi, na ya udongo uliopata mvua. Wageni walitikisa vichwa kwa furaha na mama mmoja kutoka Babati akaandika. Mwaka jana Bwana Afya alikuja klabuni, akanusa pipa, akasema pombe yangu inanuka moshi na udongo, akaniamuru nipake chokaa kuta zote. Nikapaka. Kumbe nilikuwa nafuta sifa zangu kwa mkono wangu mwenyewe.

3. Umri. Mvinyo uliokaa miaka mitatu unasifiwa kwamba umekomaa. Pombe yangu ikikaa siku tatu inaitwa sumu.

4. Chakula. Aliyepika siku ile ni mimi. Alichinjwa beberu mnene, nikasonga ugali wa mtama, nikaandaa maziwa ya mgando, nikajua leo wageni watafungua mikanda. Xavery akaagiza nyama ikatwe vipande vya ukubwa wa kifungo cha koti, kila kipande kichomwe kijiti, kiwekwe peke yake kwenye sahani. Ugali nao ukakatwakatwa kama sabuni. Nilisikia aibu mpaka miguuni. Kwetu mgeni akiondoka na njaa, mwenye nyumba hapiti sokoni mwezi mzima. Mbuzi aliyebaki, ambaye alikuwa karibu mbuzi mzima, aliliwa nyuma ya nyumba na mgambo waliokuja kulinda utulivu. Hao ndio pekee walioshiba, na ndio pekee walionishukuru.

5. Mpishi kutangulia. Kila mtu anajua kwamba anayepika pombe huwa wa kwanza kuinywa mbele ya watu, ili ionekane hana nia mbaya na mtu. Evarist hakuonja. Alisimama na kitambaa mkononi, akiwatazama wageni kama mwanafunzi anayesubiri matokeo ya darasa la saba. Mimi ni dada yake mkubwa. Nilisimama nikamwambia anywe kwanza au glasi zirudi jikoni. Akanywa. Wageni wakapiga makofi wakidhani ipo kwenye ratiba. Rogathe hajaniongelesha tangu wakati huo, na katika hili namwelewa.

6. Mzee Margwe. Hapa ndipo roho inaponiuma. Mzee Margwe ni baba yetu mkubwa, na shamba hilo la mizabibu alilimega yeye mwenyewe akampa Evarist. Alialikwa ili apigwe picha na wageni. Akapewa glasi, na Xavery akamwelekeza avute kidogo, azungushe mdomoni, kisha ateme. Alimwonyesha na ndoo. Mzee haoni vizuri, na hata angeiona ndoo asingedhani kuna watu wanaotemea kinywaji kizima humo. Kwetu, mzee akipewa kinywaji kipya cha shamba, akakiweka mdomoni na kukitema, huko ni kubariki, na wanaotemewa ni watu. Ndoo haina haja ya baraka.

Alifurahi mno. Vijana wetu hawajamwomba awabariki kwa miaka mingi. Wakitaka baraka wanakwenda semina. Alisimama, akavua kofia, akaomba kwa Kiiraqw mvua, amani, ng'ombe wenye maziwa na safari njema kwa wageni. Halafu akavuta funda kubwa na kuwapulizia. Alianza na Bwana Thadei, kwa kuwa ndiye mkubwa wa serikali hapa kwetu na alistahili kutangulia. Bwana Thadei alikuwa amevaa shati jeupe.

7. Kilichofuata. Mgambo waliitwa, midomo yao bado ina mafuta ya mbuzi wangu. Mzee alishikwa mkono kama mwizi wa kuku, akakalishwa karibu na banda la nguruwe mpaka wageni walipoondoka. Nilimfuata. Aliniuliza kama alikosea maneno ya sala. Nilimwambia hakukosea hata moja, nikageuka upande nisimwonyeshe machozi.

Jumatatu yake nikaletewa notisi. Klabu yangu imefungwa kwa kosa la kumlewesha mzee tangu asubuhi. Ndugu Afisa, Mzee Margwe hakupita kwangu siku ile. Alikaa na njaa tangu alfajiri akingojea heshima ya mwaliko. Kitu pekee kilichogusa mdomo wake kilikuwa mvinyo wa Evarist, na huo aliutoa wote. Waliotemea ndoo wameitwa wataalamu, aliyetemea watu baraka ameitwa mlevi, na mimi ambaye sikumpa kitu ndiye niliyefungiwa. Sasa mapipa yangu yamelala kifudifudi uani, na binti yangu Violeth amerudi kutoka sekondari, kwa sababu ada yake ilikuwa inatoka kwenye mapipa hayo hayo. Anakaa mlangoni akisoma amri ya Bwana Thadei, maana ndiyo karatasi pekee iliyobaki hapa.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo:

(a) Niandikiwe leseni ya Kituo cha Kuonja, kitakachofunguliwa saa nne asubuhi. Ndoo ya kutemea nitainunua, na itakaa mahali pa kuonekana. Sitamlazimisha mtu kuitumia.

(b) Bwana Afya arudi aandike kwa mkono wake kwamba moshi na udongo ni sifa. Chokaa nitaikwangua mwenyewe.

(c) Bwana Thadei aje kwa Mzee Margwe amalizie kutemewa. Baraka ile ilikatishwa katikati, na nusu ya baraka ni hatari zaidi kwa aliyeipata kuliko kuikosa yote. Ningependa avae tena shati jeupe, ili tuanzie pale tulipoishia.

(d) Kama hayo yote hayawezekani, basi sheria iwe moja. Evarist naye afungiwe, mvinyo wake umwagwe barabarani kama ulivyomwagwa mtama wangu, na mizabibu ing'olewe tupande maharage. Nitakuja na jembe langu. Ni mdogo wangu na nitalia, lakini nitang'oa.

Tuliambiwa soko ni huria, tukaitikia. Tulipopewa mkoa wetu wa Manyara tuliambiwa kwamba sasa serikali imesogea karibu na wananchi. Ni kweli imesogea. Nimeiona kwa macho yangu ikiwa imekaa kiti cha mbele, imeshika kijiti chenye nyama.

Nangoja jibu lako nikiwa mtulivu kadiri ninavyoweza. Nisalimie karani wako, dereva wako, mlinzi wa getini ambaye ni mtu mwema, na mama nyumbani. Mwambie akihitaji machicha ya pombe ya kulishia nguruwe, kwa sasa hakuna, na sababu anaifahamu mumewe.

Ni mimi, mwonjeshaji mtarajiwa,
Verediana Sulle.

N.B. Nilikuwa natafuta bahasha Evarist akaja. Wageni wa Babati wamempigia simu; wanataka kurudi na wenzao, na wameomba siku hiyo waonje pia kinywaji cha asili cha wenyeji. Tumekubaliana pombe yangu iuzwe shambani kwake, kwa glasi, kwa leseni yake, kuanzia asubuhi. Bwana Thadei aliionja jana pale jikoni kwa Rogathe. Ndoo ilikuwepo na hakuitazama. Violeth anarudi shule Jumatatu.

Kwa hiyo naomba malalamiko yote hapo juu uyahesabu kama hayakuandikwa. Nimetafakari na kuona kwamba amri ya saa kumi ni ya busara sana na inawakinga wananchi na ulevi. Hivyo nakuarifu kwamba Judica, mwenye klabu ng'ambo ya barabara, anafungua saa tano. Afungiwe mapema kabla wageni hawajafika.

Kuhusu Mzee Margwe usijisumbue tena. Tumekubaliana kwamba siku za wageni atakuwa anabaki nyumbani. Nimekwenda kumweleza mwenyewe. Aliniuliza tena kama alikosea maneno ya sala, na safari hii nimemwambia ndiyo.